Mtahini hana shida na baiskeli yako

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu barua ya msomaji mwenzetu mliyoichapa juzi juzi, yule aliyelalamika kwamba kwenye mtihani wa kuongea Kiingereza, ule wa IELTS wanaotakiwa kuufanya watu wanaotaka kusoma, kufanya kazi au kuhamia nje, kaulizwa habari za baiskeli wakati yeye anahangaika apate nafasi ya kwenda kusomea unesi, akasema ni dharau, mtu mzima na vyeti vyako unakalishwa kwenye kiti unaulizwa kama utotoni ulikuwa na baiskeli. Hasira zake nimezielewa ila naona kazipeleka siko. Na kilichoniuma zaidi ni ule ushauri aliowapa wenzake mwishoni, eti watafute yale majibu yaliyoandikwa tayari yanayozunguka WhatsApp kwenye mafaili ya pidiefu (PDF) wayakariri ili wasishtukizwe kama yeye. Hapo ndo nikasema nisikae kimya, maana kazi yangu ni kuandaa watu kwa mtihani huu na yale majibu nayajua vizuri sana, ukinisomea sentensi ya kwanza nitakumalizia mpaka nukta ya mwisho.

Tuanze na hiyo dharau. Mtihani wa kuongea ni uleule kwa wote, anayefanya IELTS ya kwenda chuo kikuu na anayefanya ile ya kawaida ya kazi au kuhamia nchi nyingine wanakaa mbele ya maswali ya aina moja, tofauti yao iko kwenye kusoma na kuandika tu. Sasa we fikiria kwenye kiti kilekile asubuhi kakaa mtu anayetaka kusomea udaktari, akatoka akaingia fundi bomba, akatoka akaingia mama anayemfuata mumewe, utawauliza nini ambacho wote wanakiweza bila kumpendelea yeyote? Ukiuliza mambo ya figo umempendelea daktari. Kwahiyo wanauliza chakula, hali ya hewa, muziki, viatu, baiskeli, vitu ambavyo kila mtu kaviona hata kama havimiliki. Wepesi wa swali umewekwa makusudi, ili ukishindwa kujibu ijulikane kilichokushinda ni lugha na sio mada.

Na hapa ndo penye kiini cha barua yangu. Mtahini hana shida na baiskeli yako. Hajali unayo au huna, hajali unajua kuendesha au ulishaanguka mara moja ukaapa hurudii. Anachopima ni vitu vinne na vyote vina uzito sawa: unavyotiririka na kupanga mawazo, msamiati wako, sarufi yako, na matamshi yako. Hakuna kitu cha tano kinachoitwa ukweli wala cha sita kinachoitwa ujuzi wa baiskeli. Mtu akitoka pale anaulizana na wenzake "we ulijibuje lile swali la baiskeli", kana kwamba kuna jibu sahihi limefichwa mahali, mi nacheka tu, ingawa cheko lenyewe la uchungu.

Sasa hayo majibu ya kukariri. Karibu yote yanaanza na ndio, tena ndio ya mbwembwe, mtu anapenda baiskeli kupita kiasi, anaendesha tangu enzi na enzi, inamweka fiti, haichafui mazingira, inapunguza foleni, inaokoa hela, vyote hivyo kwenye pumzi moja kabla hata mtahini hajamaliza kuinua macho. Tatizo ni kwamba swali lilikuwa moja tu, je huwa unaendesha baiskeli? Halafu linafuata la pili, mara ya mwisho ilikuwa lini. Hapo kimya. Mtu aliyekuwa anaongea kama mtangazaji ghafla anatafuta maneno chini ya meza, sauti inabadilika, kasi inakatika, sarufi inaanguka, na mtahini ambaye kafundishwa kabisa kutambua majibu ya kukariri ameshajua kilichotokea. Anafanya nini? Anahama. Anakuuliza kitu ambacho hukukariri, na anapima kile utakachotoa hapo. Ile hotuba yako ya mazingira haikuongezei kitu, na pengine imekuharibia zaidi maana sasa inaonekana wazi pengo lililopo kati ya Kiingereza cha pidiefu na Kiingereza chako.

Kwani hapana ina ubaya gani? Mimi mwenyewe baiskeli siipendi, kile kiti naamini kilibuniwa na mtu asiye na huruma na viumbe wenzake, na ningeulizwa ningesema hivyohivyo. Hapana, siendeshi, nilijaribu zamani nikaona mgongo unauma, siku hizi natembea kwa miguu ila nawaonea wivu wanaopita kwenye foleni kama hawaioni. Tayari hapo una wakati uliopita, una wakati uliopo, una sababu, una ulinganisho, na hata mtahini anaweza kutabasamu. Sentensi mbili tatu zinatosha, mtihani wa kuongea una sehemu tatu na hii ya kwanza yote ni dakika 4 mpaka 5 na maswali ni mengi, ukigeuza kila swali kuwa mhadhara atakukata, na akikukata usidhani amekuchukia, anafuata saa tu. Mtihani mzima wa kuongea ni kati ya dakika 11 na 14, ndo basi.

Ila kuna jambo la sisi waongeaji wa Kiswahili ambalo hizo pidiefu haziwezi kulisema kwa sababu walioziandika hawatujui. Swali la nani alikufundisha kuendesha baiskeli ni mtego mkubwa kwetu kuliko swali lolote la mazingira. Kwenye Kiswahili tunasema alinishika, alinisukuma, aliniachia, na hiyo "a" haijali kama ni mjomba au shangazi. Tukiingia kwenye Kiingereza ulimi unabaki na tabia hiyo, basi utasikia mjomba anaanza kama "he", anashika baiskeli kwa nyuma kama "she", anaachia kama "he" tena, na unapofika mwisho wa hadithi mtahini hajui ni watu wangapi walikuwepo pale uwanjani. Wanafunzi wangu wazuri kabisa wenye msamiati wa kutosha wanaangukia hapo, na hawajisikii, ukiwaambia wanakataa mpaka uwarekodi uwasikilizishe. Usijisumbue kutafuta neno gumu la kusifia baiskeli wakati mjomba wako anabadilika jinsia kila sentensi.

Jingine ni wakati uliopita. Maswali ya baiskeli yanapenda sana utoto, ulikuwa nayo, ulijifunza ukiwa na umri gani, ulikuwa unaenda nayo wapi, na mtu anaanza vizuri na wakati uliopita halafu hadithi ikinoga anasahau anarudi kwenye wakati uliopo, anaanguka leo baiskeli aliyoipanda miaka ishirini iliyopita. Ukijishtukia katikati jirekebishe uendelee, kujirekebisha mara moja moja ni kawaida hata kwa wenye lugha yao, kinachosumbua ni kurudi nyuma kila baada ya maneno matatu mpaka msikilizaji anachoka.

Matamshi nayo. Kwanza tuliza roho, huhitaji kuongea kama mtu wa London, lafudhi yako haikupunguzii maksi ilimradi unaeleweka bila kumtesa anayekusikiliza. Kinachotutesa sisi ni ile tabia ya kubandika irabu mwishoni, kila neno lazima limalizikie na i au u, yaani "bike" inakuwa baiki na "helmet" inakuwa helmeti. Kwa Kiswahili ni sawa kabisa, kwa Kiingereza inachosha sikio. Na hilo neno "bicycle" lenyewe wengi wanalitamka kwa kufuata pikipiki, wanasema bai-saiko, kwa sababu "motorcycle" ina "saiko" kweli. Lakini la baiskeli katikati ni si fupi, bai-si-ko, mkazo mwanzoni. Jambo dogo, ila ukiwa na maswali manne ya mada hiyo utalitamka mara nyingi kweli.

Kuhusu msamiati watu wananiuliza, mwalimu, spoku kwa Kiingereza inaitwaje, karia inaitwaje, ile ngao ya kuzuia matope inaitwaje, wanataka wajaze daftari majina ya vipuri utadhani wanaomba kazi gereji. Sikatai kujua maneno machache, breki, gia, cheni, pancha, njia ya baiskeli, yanasaidia. Lakini sikiliza, moja ya vitu vinavyohesabiwa kwenye msamiati ni uwezo wa kuzunguka neno usilolijua. Hujui spoku? Sema vile vyuma vyembamba vilivyopangwa ndani ya gurudumu. Hujui karia? Sema kile kibao cha nyuma ambapo mtu mwingine anakaa au unafunga mzigo. Ukikaa kimya sekunde kumi unatafuta neno moja umepoteza kwenye mtiririko, ukizunguka ukaendelea umepata pande zote mbili.

Tuje kwenye ile kadi, sehemu ya pili, maana huko ndo watu wanalia. Unapewa kadi yenye mada na vipengele vichache, unapewa dakika 1 ya kujiandaa na karatasi na penseli, halafu unaongea peke yako dakika 1 mpaka 2, mtahini katulia anakusikiliza. Zipo kadi zinazozunguka mada hii, kwa mfano ujuzi uliokuchukua muda kuupata, hapo kuendesha baiskeli kunafaa sana, au ile inayokwambia ueleze safari ya baiskeli, pikipiki au gari ambayo ungependa kuifanya. Isome vizuri hiyo ya pili. Ungependa. Haijafanyika. Nimewasikia watu wengi tu wakisimulia kwa raha zote safari waliyoenda na wenzao, walivyopata pancha njiani, walivyolala, walivyorudi, hadithi tamu kweli lakini kadi haikuuliza hiyo, na maumbo ya sarufi yaliyokuwa yanatafutwa pale, ya kutamani na ya kudhania, hayakutoka hata moja. Mtu kakariri safari moja anaitumia kila mahali kama ufunguo malaya.

Na dakika mbili ni ndefu jamani, nyie mnaocheka jaribuni. Mtu anamaliza kila kitu kwa sekunde arobaini halafu anamwangalia mtahini kama anayeomba msaada, na mtahini hakusaidii. Dawa yake haiko kwenye kujua mengi kuhusu baiskeli. Iko kwenye kwenda taratibu ndani ya tukio moja. Umejifunza kuendesha, sawa, baiskeli ilikuwa ya nani, ilikuwa kubwa kuliko wewe mpaka ulipitisha mguu chini ya bomba? Aliyekufundisha alishika wapi, alikudanganya kwamba bado amekushika wakati ameshaachia? Uligundua saa ngapi, ulipogeuka ukamwona yuko mbali? Ulianguka upande gani, nani alicheka, ulimwambia nini nyumbani kuhusu goti? Hiyo peke yake inakupeleka dakika moja na nusu, na haihitaji neno gumu hata moja, na haiwezi kuwepo kwenye pidiefu ya mtu kwa sababu goti ni lako. Kwenye ile dakika ya kujiandaa usiandike sentensi, andika maneno matano sita tu, goti, mjomba, uwanja, breki, kicheko, yatakuvuta.

Sehemu ya tatu ndipo msomaji mwenzetu angefurahi kama asingekuwa amenuna tangu mwanzo, kwa sababu hapo utoto unaisha na maswali yanakuwa ya watu wazima kweli. Je serikali zijenge njia za baiskeli hata kama zinapunguza nafasi ya magari? Kwanini watu wakipata hela kidogo wanaacha baiskeli wananunua gari? Sheria ilazimishe helmeti? Hapa dakika 4 mpaka 5 mnajadiliana, mtahini anakubana na kwanini na je wengine wakisema tofauti, na kama hukuelewa swali unaruhusiwa kuomba alieleze kwa namna nyingine, omba tu, ni bora kuliko kujibu swali ambalo hakuna aliyekuuliza.

Huku ndo taarifa mbili tatu za kweli zinaweza kukupa nguvu, sio lazima ila zinasaidia mtu asibaki anarudia "ni nzuri kwa afya" mpaka mwisho. Kila mtu anaitaja Uholanzi, baiskeli ni nyingi kuliko watu, halafu anaishia hapo, eti ni utamaduni wao. Lakini miaka ya 1950 na 1960 magari yalikuwa yanaisukuma baiskeli nje ya barabara kulekule Uholanzi, na miaka ya 1970 wananchi waliingia mitaani kuandamana kwa sababu watoto walikuwa wanagongwa na kufa, halafu 1973 ukaja mgogoro wa mafuta, na ndipo njia za baiskeli zikaanza kujengwa kwa nguvu. Unaona sasa una hoja. Unaweza kusema watu hawazaliwi wanapenda baiskeli, wanaipanda pale barabara inapokuwa salama. Au helmeti, Australia walianza kuilazimisha kisheria kuanzia 1990, Uholanzi watu wazima wengi wanaendesha kichwa wazi na hakuna askari anayewauliza, basi linganisha hizo mbili, sema unaona ipi ina akili na kwanini. Mtahini hatakuhukumu kwa upande uliochagua. Mi nipo upande wa helmeti, ila nimesikia wanafunzi wakitetea upande wa pili vizuri mpaka nikayumba.

Lakini taarifa nazo zina mahali pake. Nina mwanafunzi kajaza kichwa historia yote, Karl von Drais Mjerumani 1817 na chombo chake cha mbao kisicho na pedeli unajisukuma kwa miguu chini, John Kemp Starley na Rover ya 1885 yenye magurudumu yanayolingana na cheni inayozungusha gurudumu la nyuma, John Boyd Dunlop na tairi lake la upepo 1888, mpaka Umoja wa Mataifa kuitangaza 3 Juni kuwa Siku ya Baiskeli Duniani mwaka 2018. Yote kweli, nimempongeza. Sasa kwenye mazoezi namuuliza je unapenda kuendesha baiskeli, ananianzia 1817! Nikamkatisha, nikamwambia we bwana, nimekuuliza wewe. Hiyo historia aiweke mfukoni, siku akiulizwa baiskeli imebadilikaje au itabadilikaje mbeleni anachomoa kipande kimoja, baiskeli ya Starley ukiiweka leo barabarani kila mtu ataitambua, kwahiyo huenda umbo lisibadilike sana ila betri na mota ndo zimeshaingia, basi, sentensi mbili na imeisha.

Pia swali la je baiskeli ni maarufu nchini kwako, watu wanabuni asilimia. Asilimia sitini na tano ya wananchi, kaitoa wapi hata yeye hajui. Hakuna atakayekukagua, kweli, ila huwa naona mtu akishabuni namba anaogopa namba yake mwenyewe, anaanza kuitetea, anajikanyaga. Sema unachokiona kwa macho, mjini naona wachache, vijijini wengi, wanafunzi zaidi ya wafanyakazi, inatosha na unaisema bila kutetemeka.

Sasa Mhariri ombi langu kwenu. Ule ukurasa wenu wa elimu kama mtaamua kuandika tena kuhusu mtihani huu, tafadhali msichape majibu ya mfano. Chapeni maswali matupu, hata kumi ya baiskeli, mwacheni msomaji na simu yake ajirekodi, na akisikiliza mara ya kwanza asitafute makosa yote atakata tamaa, atafute "he" na "she" peke yake, mara ya pili wakati uliopita peke yake, mara ya tatu zile irabu za mwishoni.

Na kwa huyo ndugu yetu wa unesi, kama anaona maksi zake za kuongea hazikustahili, mazungumzo yake yamerekodiwa, na upo utaratibu wa kuomba yasahihishwe upya na mtahini mwingine, anatakiwa kuomba ndani ya wiki 6 tangu tarehe ya mtihani, analipia ila maksi zikipanda anarudishiwa. Na kama alifanyia kwenye kompyuta, baadhi ya vituo vinaruhusu kurudia kuongea peke yake badala ya IELTS nzima, hapo ana siku 60. Aulizie kituo chake mapema, siku zinakimbia.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwalimu wa Kiingereza cha kuongea